Mto umekula kiwanja: picha za setilaiti zinaweza kuonyesha?

Mkazi wa Ulongoni: Wakuu, habari za jioni. Mama ana kiwanja kando ya mto Msimbazi, huku Ulongoni, Dar es Salaam. Kila masika mto unamega ukingo. Migomba imekwenda, bikoni mbili (nguzo za mpaka) zimekwenda, pamebaki mchanga. Jirani anadai pamekuwa hivyo tangu zamani. Nimetafuta picha za setilaiti za siku ya mafuriko, naona mawingu tu. Nifanyeje?

Fundi Ramani: Mkuu, acha kutafuta maji. Mito yetu hujaa usiku, asubuhi imeshanywea, na setilaiti inapita baada ya siku kadhaa. Tafuta kovu ambalo mto umeacha ardhini. Fungua picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni za bure na zipo tangu 2015. Weka rangi za infraredi, yaani mwanga ambao macho hayauoni: majani mabichi yanakuwa mekundu, mchanga uliobwagwa na mto unang'aa weupe. Halafu linganisha Juni ya mwaka mmoja na Juni ya mwaka mwingine. Ukichukua Juni na Oktoba utajidanganya, maana nyasi zilizokauka nazo zinafanana na ardhi tupu.

Dada wa Tabata: Rada je? Nasikia Sentinel-1, setilaiti ya rada, inapenya mawingu.

Fundi Ramani: Inapenya, dada. Maji yaliyotuama yanatoka meusi, kwa sababu mawimbi yanateleza juu yake na hayarudi kwa setilaiti. Bonde la Jangwani likijaa, hiyo ndiyo kazi yake. Katikati ya nyumba ni balaa: kuta na mabati yanarudisha mawimbi kwa nguvu, maji hayaonekani.

Mkazi wa Ulongoni: Kiwanja ni mita 20 kwa 30.

Fundi Ramani: Kumbe! Pikseli ya Sentinel-2, yaani kidoto kimoja cha picha, ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo kiwanja chote ni kama pikseli sita, na ya ukingoni ni nusu mto nusu migomba. Itakuonyesha mto ulihamia upande wenu miaka ipi, basi. Kwa mpaka wenyewe fungua Google Earth kwenye kompyuta, angalia picha za miaka ya nyuma. Picha hizo nazo husogea mita kadhaa, hivyo pimia kutoka kona ya nyumba ya zamani. Usipimie darajani, madaraja ya huku nayo husombwa.

Mzee wa Pugu: Na wachimba mchanga msiwasahau. Mto haumegi peke yake.

Fundi Ramani: Kweli mzee, mashimo yao hata setilaiti inayaona. Mkuu, kama palikuwa na bikoni basi kiwanja kimepimwa. Tafuta ramani ya upimaji, mpimaji mwenye leseni ataonyesha mahali pa bikoni hizo hata kama sasa zinaangukia mtoni.