Mzee ana uvimbe kwenye njia ya nyongo, wanashuku "Klatskin". Tuanzie wapi?

BintiMluguru:
Habari zenu wakuu. Mzee wangu ana miaka 63, tuko Morogoro. Alianza na muwasho mwili mzima, usiku anajikuna mpaka shuka linapata damu, akapewa vidonge vya aleji. Baadaye macho yakawa njano, mkojo kama chai ya rangi, choo cheupe. Maumivu hana kabisa. Altrasaundi: mirija ndani ya ini imetanuka, mfuko wa nyongo umesinyaa, mawe hakuna. CT scan ndiyo ikaleta hilo jina. Majirani wanasema karogwa. Je, hii inapona?

NesiWaZamu:
Pole sana dada. Nimefanya kazi chumba cha endoskopia muda mrefu, kwa hiyo nakueleza bila kupamba.

Gerald Klatskin ni daktari wa Marekani aliyeuelezea uvimbe huu mwaka 1965. Ni saratani inayoota pale mirija ya nyongo ya kulia na ya kushoto inapokutana ikitoka kwenye ini. Altrasaundi yenu ilishadokeza: kizuizi kikiwa juu, nyongo haifiki kwenye mfuko, mfuko unasinyaa. Kingekuwa chini karibu na kongosho, mfuko ungevimba. Na huko kukosa maumivu kusiwape moyo, ugonjwa huu ndivyo unavyoingia.

Mkifika kwa daktari, kemo (dawa za kuua saratani) isiwe swali la kwanza. Ulizeni kama uvimbe unakatika. Upasuaji ndio wenye nafasi ya kuponya, ila ni mkubwa, unaondoka na kipande cha ini, na wengi hufika mishipa ya damu imeshashikwa. Hata waliokatwa, kwa wengi hurudi. MRI ya mirija ifanyike kabla ya stenti (kimrija kinachowekwa kufungua njia ya nyongo iliyoziba), maana stenti huvuruga picha. Ulizeni pia kuhusu IgG4 (aina ya kingamwili kwenye damu): kuna uvimbe wa kinga ya mwili unaofanana mno na huu, na wenyewe hutibiwa kwa steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili.

Usipokatika, njia ifunguliwe kwanza: stenti kupitia mdomoni, au wanatoboa ubavuni kupitia ini na kuacha mrija. Bilirubini, ile rangi ya njano kwenye damu, ikishuka ndipo kemo. Iliyozoeleka ni jemsitabini pamoja na sisplatini. Kwenye utafiti wa Uingereza wa 2010, nusu ya waliopewa zote mbili waliishi zaidi ya miezi 11.7, waliopewa jemsitabini peke yake, miezi 8.1.

Mchambuzi_Kiti:
Mbona nilisoma inasababishwa na minyoo ya samaki? Mzee apunguze perege.

NesiWaZamu:
Mkuu, hiyo ni kaskazini-mashariki mwa Thailand, wanakula samaki mbichi wa mtoni wenye minyoo ya ini. Perege wa kukaanga hana kesi. Mwacheni mzee ale, uzito wenyewe unamkimbia.

MamaSwaumu:
Dada, shangazi yetu aliwekewa stenti ya plastiki. Baada ya miezi michache akaanza kutetemeka, jua la saa saba mchana na blanketi mbili. Duka la dawa wakatupa dawa mseto ya malaria. Kesho yake macho njano tena, presha imeshuka. Kumbe stenti imeziba na nyongo imeoza ndani. Alichomwa antibaiotiki za mshipa, stenti ikabadilishwa, akatulia. Homa yenye kutetemeka kwa mtu mwenye stenti ni hospitali usiku huohuo, msingoje pakuche.

BintiMluguru:
Asanteni sana. Tumepata rufaa, wataweka mrija wa ubavuni. Wameandika vitamini K kwanza. Mzee anauliza vitamini za nini wakati anaumwa kansa 😅

NesiWaZamu:
Mwambie mzee: nyongo isipofika utumboni, vitamini K haifyonzwi vizuri, na bila hiyo damu inachelewa kuganda. Ini likitobolewa hivyohivyo atavuja damu. Wakishamchoma hiyo vitamini, ulizeni majibu ya kipimo cha kuganda damu kabla hajapelekwa kuwekewa mrija. Kama anameza aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, semeni leo.