Mwanangu ana mtindio wa ubongo, analia usiku na hawezi kusema wapi panauma

Mama K, Mbagala

Habarini wapendwa, naombeni mawazo maana nimechoka na zaidi ya kuchoka naogopa. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi mitano, alichelewa kulia siku anazaliwa na alipofika miezi tisa ndo tukaambiwa ni mtindio wa ubongo. Hakai mwenyewe, haongei, shingo imeanza kukaza mwaka huu huu. Ila ni mtoto wa furaha jamani, akisikia tu sauti ya baba yake mlangoni anacheka mpaka anapaliwa.

Sasa hii ni wiki ya tatu, ikifika saa nne usiku anaanza kulia, anajikaza mwili mzima, mgongo unapinda kama upinde, jasho linamtoka, nikimbeba ananyamaza kidogo nikimlaza anaanza upya mpaka saa nane huko. Homa hana. Kituoni wamempima malaria hakuna, mkojo msafi, masikio safi, nikamwambia daktari mbona bado analia akanijibu mama hawa watoto ndo walivyo. Nimerudi nyumbani nalia njia nzima. Wifi anasema ni chango, jirani anasema ni meno ya plastiki nimpeleke kwa bibi mmoja ayang'oe. Mtoto wa mwenzio mwenye umri huu angalau anashika tumbo anasema mama hapa. Wangu mimi nitajuaje?

Dada wa Tabata

Pole sana mamii. Kwanza nakuomba kwa Mungu usimpeleke kwa huyo bibi, hakuna meno ya plastiki, wanachokwangua kwenye fizi ni vijino vyenyewe vya mtoto ambavyo havijatoka, na kwa kisu kile kile watoto wanapata maambukizi kwenye damu na wengine wanakufa.

Pili usikubali hilo neno la ndo walivyo. Usiishie kwenye mtindio tu, mara nyingi mtoto akilia hivyo kuna kitu kinamuuma na kina mahali pake. Wangu ni binti, sasa hivi ana miaka sita, alivyokuwa na mitatu alilia hivyo hivyo mwezi mzima na mimi nikawa nampa dawa ya tumbo tu. Siku moja dada wa kazi ndo akaniambia, mama, mbona akilala analia na nikimbadilisha pempasi pia analia? Nikajaribu kufungua miguu taratibu, wa kulia unafunguka wa kushoto haufunguki na anapiga yowe. Kupigwa eksirei nyonga ya kushoto ilikuwa inatoka kwenye nafasi yake. Watoto wasiosimama inawatokea sana, kwa sababu misuli ya ndani ya paja inavuta muda wote na nyonga haibebi uzito ili ikomae vizuri. Kwaiyo mwangalie akibadilishwa pempasi, na mkunje magoti yote mawili akiwa chali uone kama yanalingana urefu, ila usilazimishe mguu hata kidogo. Halafu omba eksirei ya nyonga, iombe mwenyewe kwa mdomo wako usisubiri waiseme wao. Mimi niliipata hospitali ya CCBRT kule Msasani baada ya mtu wa mazoezi ya viungo kuniandikia. Usiku nilikuwa namwekea taulo lililokunjwa katikati ya mapaja miguu isipishane, lilimsaidia kulala.

Baba wawili

Mama K pole, naongezea kwa ufupi. Angalia choo. Wetu alikuwa anapata kila siku kwaiyo hatukuwaza, kumbe ni kidogo kidogo kama cha mbuzi na kingine kimejaa ndani. Hawatembei, maji hawanywi ya kutosha kwa sababu kumeza ni kazi. Na je anakula saa ngapi usiku? Kama unamlisha uji saa tatu na kumlaza flati, inaweza kuwa tindikali inapanda kooni, huko kujipinda mgongo baada ya kula ni dalili moja kubwa. Mlishe mapema, mkalishe wima nusu saa ndo umlaze.

Nesi wa watoto

Mama, wodini mtoto asiyeongea tunampima maumivu kwa vitu vitano: uso, miguu, mwili, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja unampa 0, 1 au 2, jumla 10. Kipimo hiki kilitengenezwa Michigan, Marekani, kikachapishwa 1997, baadae kikarekebishwa kwa watoto kama wako ili mzazi aongeze dalili za mtoto wake mwenyewe, maana wengine wakiumwa hawalii kabisa, wananyamaza, wanabana pumzi, wengine hata wanacheka. Nunua daftari, andika saa, alikuwa amelalaje, alikula nini, choo, ukampa alama. Mpige na video. Daktari anamuona mtoto mchana dakika kumi akiwa ametulia, video ya saa nne usiku inamwonyesha kile unachokiona wewe. Parasetamo mpe kwa uzito wake sio kwa umri, hawa mara nyingi ni wadogo kuliko miaka yao, kwaiyo mpime kwanza kwenye mizani. Kama anatumia dawa ya degedege usiiache ghafla. Akitapika kijani, tumbo likivimba, choo kikiwa na damu au degedege likizidi dakika tano usisubiri asubuhi.

Mama K, Mbagala

Nimerudi. Nimeandika siku nne. Choo chake ni laini, uji nimeuhamishia saa kumi na mbili na nusu jioni lakini kilio kiko pale pale. Ila pempasi dada angu, pempasi! Akibadilishwa anakunja uso kabla hata sijamgusa, yaani ameshajua kinachokuja, na mguu wa kulia ndo haufunguki. Siku zote hizi mimi nilidhani hapendi baridi ya maji. Usiku akilala ubavu wa kushoto analala masaa mawili mazima, nikimgeuza wa kulia anaamka. Leo nimemwonyesha daktari mwingine video na daftari, ameangalia yote hajanikatisha, ameandika eksirei, tunaenda Alhamisi na baba yake ameomba ruhusa kazini.

Dada wa Tabata, lile taulo ulikuwa unalikunja mara ngapi, na ulikuwa unalifunga na kitu au linakaa lenyewe?