Tupeane uzoefu: adapta za simu ya intaneti zinazokata na kurudi, na namna ya kuishi na watoa huduma wake

Gangilonga Safari (mtoa mada)
Wakuu, kamwene.

Ofisi yetu ni ndogo, iko Iringa mjini, tunapeleka wageni Ruaha. Wateja wengi wako Marekani na Uingereza na wanaogopa kupiga namba inayoanza na +255, kwa hiyo tuna namba ya kwao. Inaingia kwenye adapta iliyochomekwa kwenye ruta, na simu ya kawaida ya mezani imechomekwa kwenye adapta. Ikifanya kazi, mgeni wa Chicago anasikika kama yuko Kihesa. Tatizo ni hiyo "ikifanya kazi".

Ugonjwa wetu ulikuwa hivi: sisi tukipiga, simu inatoka bila shida. Mteja akipiga, anaambiwa hatupatikani. Tukishapiga sisi, kwa dakika chache na wao wanatupata, halafu kimya tena. Mtoa huduma alisisitiza kwamba kwake kila kitu kiko sawa, na kumbe alikuwa anasema kweli. Adapta hujitambulisha kwa mtambo wa mtoa huduma kila baada ya muda fulani, na yetu ilikuja imewekwa sekunde 3600, yaani saa nzima. Ruta nyingi za nyumbani hazisubiri hivyo. Njia ikikaa dakika moja au mbili bila kupitisha kitu, ruta inaifunga, na simu inayoingia kutoka kwa mteja haina pa kupita. Tulishusha muda ule hadi sekunde 120, tukawasha na ile ya kutuma salamu fupi kila baada ya sekunde 20 ili njia ibaki wazi. Mpaka sasa imetulia.

Wenzangu wa Mbeya, Njombe, Songwe na kwingine, kwenu inasumbuaje? Na mnaongeaje na hawa watoa huduma bila kupandisha presha?

Fundi Mwanjelwa
Mkuu, hivi viboksi naletewa sana hapa dukani. Kabla sijagusa mipangilio naomba nione chaja. Mara nyingi ya asili ilishakufa, mwenye mali akachukua ya dekoda. Pini inaingia, taa zinawaka, basi ameridhika. Siku simu ikiita tu, kiboksi kinazima na kuwaka upya, anaanza kulaumu mtandao.

Kugonga kengele ya simu ya mezani ndiyo kazi inayokula umeme mwingi kwenye adapta. Chaja dhaifu inabeba kila kitu isipokuwa hicho. Soma nyuma ya kiboksi: volti zilingane kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi. Na zile zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani, angalia chaja imeandikwa 100-240V. Ikiwa ni 120V peke yake, umeme wetu wa 230 utaimaliza siku hiyohiyo uliyoichomeka.

Kyela Joto
Naongeza: kiboksi msikiweke juu ya ruta. Huku kwetu karibu na ziwa joto lenyewe linatosha. Changu nilikitenga tu, kukata kukaisha.

Mama wa Tukuyu
Wanangu, mimi kiboksi nililetewa na kijana wangu aliyeko Minnesota ili tuongee bila yeye kununua vocha. Tukuyu mnaijua, mvua haina adabu, na radi ndiyo usiseme. Aliyenifungia alisema wingu likifunga nichomoe umeme, inatosha. Nikachomoa. Radi ikapiga, ikapitia kwenye waya unaotoka kwenye antena ya paa, ikaingia kwenye ruta na kwenye kiboksi, vyote viwili kwaheri. Sasa tangu Novemba mpaka masika yaishe nachomoa umeme NA waya wa antena NA waya wa simu. Wajukuu wananicheka, wacha wacheke.

Hao wa huduma kwa wateja anaongea nao kijana wangu. Mimi Kiingereza chao cha haraka sikiwezi.

Gangilonga Safari
Shikamoo mama. Hilo la waya wa antena tulikuwa hatulifikirii kabisa. Leo namwambia kijana wa ofisini.

mezani_zamani
Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye meza ya huduma kwa wateja (si lazima niseme wapi), kwa hiyo niwape picha ya upande wa pili wa simu.

Anayepokea kwanza ana karatasi ya maswali. Atakuambia uzime, usubiri, uwashe, hata kama umeshafanya hivyo tangu asubuhi. Sio kwamba anakudharau. Hawezi kukupeleka kwa fundi wa ngazi ya juu mpaka ajaze hizo sehemu. Ukibishana naye mnakaa hapo nusu saa. Ukimjibu mfululizo mnapita haraka. Hapo ndipo uvumilivu una faida. Kwingineko, kukaa kimya ukisubiri "wataona wenyewe" hakukusaidii chochote, maana tiketi (lalamiko lako lililoandikishwa na kupewa namba) isiyoulizwa inafungwa.

Fundi wa juu yeye anaona kumbukumbu za mtambo, lakini ni nyingi mno. "Simu haifanyi kazi" haimsaidii. Mwandikie hivi: saa ngapi, na useme ni saa za Afrika Mashariki; namba iliyopiga na iliyopigwa; ulisikia nini hasa, je, kimya, mlio wa haraka, au sauti upande mmoja; na taa za adapta zilikuwaje wakati huo. Mfano mmoja wa namna hiyo anaufuatilia mara moja. Kama kampuni iko New York, saa 3 asubuhi yao ni saa 11 jioni yetu, au saa 10 wakiwa kwenye saa zao za kiangazi. Ukiwapigia saa 4 asubuhi ya Mbeya unampata mlinzi wa usiku, tusidanganyane.

Jaribio moja kabla ya kulalamika: akaunti ileile iweke kwenye programu ya simu ya intaneti kwenye simu janja, kama mtoa huduma anakupa nywila zake (wengine hufunga). Ikifanya kazi vizuri kwenye Wi-Fi ileile, mshukiwa ni adapta au chaja. Ikikata nayo, shughulika na ruta au intaneti. Na kama unasikia upande mmoja tu, ingia kwenye ruta utafute SIP ALG, yaani kipengele cha ruta kinachogusa simu za intaneti zinapopita, uizime. Iliwekwa ili isaidie, ila kwenye ruta nyingi inavuruga anwani za sauti. Angalia pia kama una ruta mbili moja nyuma ya nyingine.

Sista, Makete
Tumsifu Yesu Kristu. Sisi hapa milimani tulikuwa kwenye intaneti ya setilaiti ile ya zamani, dishi kubwa. Simu zilikuwa zinashika vizuri, lakini mazungumzo yalikuwa vurugu: unamaliza sentensi, unasubiri, unaanza nyingine, na jibu la ile ya kwanza linaingia. Tulibadilisha adapta bure. Mhandisi mmoja mgeni ndiye aliyetueleza kwamba setilaiti ile iko kilomita kama 36,000 juu, sauti inapanda na kushuka, na hiyo peke yake ni robo sekunde kwa kwenda tu. Hakuna kiboksi cha kulitibu hilo. Tulijizoeza kusema "nimemaliza" mwisho wa kila sentensi, kama wa redio-kolu.

Mafinga Mbao
Kwangu mchana safi, jioni watoto wakirudi sauti inakwaruza. Nikaongeza kifurushi, haikusaidia.

mezani_zamani
@Mafinga Mbao simu moja kwa kodeki (njia ya kufungasha sauti) ya G.711 haifiki kilobiti 100 kwa sekunde kila upande, na kwa G.729 ni kama 30. Kifurushi chako kinatosha. Video na picha zinazopandishwa zinaweka foleni kwenye ruta, paketi za sauti zinachelewa. Tafuta QoS kwenye ruta, sehemu ya kupanga nani apite kwanza, uipe adapta kipaumbele.

Mzee wa Uyole
Mnavumilia mno. Mimi nikilipa nataka huduma. Siku tatu bila jibu, napeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ofisi ya kanda ipo hapahapa Mbeya.

Gangilonga Safari
Mzee, TCRA watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa mtoa huduma mwenyewe na alikujibu nini, kwa hiyo namba ya tiketi ni lazima uwe nayo. Na wao wanasimamia wenye leseni yao. Kampuni ya simu iliyoko ng'ambo ni habari nyingine, ila mwenye intaneti yako ya hapa wanaye.

Fundi Mwanjelwa
Mnakumbuka Mei 2024? Tarehe 12, nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika, nchi nzima intaneti ikawa ya kuombea. Watu walipanga foleni dukani wanataka nivirudishe viboksi kwenye hali ya kiwandani. Niliwakatalia. Ukikifuta, mipangilio ya mtoa huduma inaondoka nayo, na intaneti ikirudi ndipo shida ya kweli inaanza. Swali langu la kwanza siku hizi: jirani yako naye vipi?

Njombe Baridi
Samahani nachomekea. Yangu inaongea vizuri, ila nikipiga benki ya nje, wakisema bonyeza 1, nabonyeza mpaka kidole kinauma, hawasikii.

mezani_zamani
Mlio wa tarakimu unaharibika ukibanwa pamoja na sauti. Kwenye mipangilio ya DTMF (ndiyo hiyo milio ya tarakimu) chagua RFC 2833, inayotuma tarakimu kando na sauti, halafu uwashe upya.

Njombe Baridi
Imekubali. Sasa nimewekwa kwenye muziki wa kusubiri.