Ughaibuni tumekuja kutafuta tu, au na kuishi pia? Tujadili

Wakuu habari za wakati huu,

Naleta hili jambo kwa sababu kila likiguswa watu wanagawanyika vibaya. Kuna kauli ambayo karibu kila mtu aliyekaa nje ameisikia au ameisema mwenyewe, "mimi huku nimekuja kutafuta, sikuja kuishi". Yaani piga kazi, tuma hela, weka akiba, wikendi kaa na watu wa kwenu, mambo ya wenyeji waachie wenyewe, siku ikifika unafunga mizigo unarudi. Msimamo wangu ni kwamba hii kauli inatuumiza, na inawaumiza zaidi wale wanaojituma kuliko wote. Mwenye hoja tofauti karibu sana, ila naomba usome mpaka mwisho kwanza.

Nieleweke hapa. Sipingi kutafuta hela, hela ndiyo iliyowatoa wengi makwao na kuna watu nyuma yao wanakula, wanasoma na kutibiwa kwa hiyo hela. Wala sipingi jumuiya ya watu wa kwenu. Unafika mgeni hujui hata basi lipi linaenda wapi, wao ndio wanaokupokea, wanakuunganisha na kazi, wanakuelekeza makaratasi yanajazwaje, na ikitokea umefariki wao ndio wanaochangishana mwili usafirishwe. Hilo ni jambo kubwa na anayelidharau hajawahi kukwama ugenini. Ninachopinga ni pale ambapo zaidi ya kazini na kwa hao watu wenu huna mlango mwingine wa kugonga, na unaona ni sawa tu kwa sababu "naondoka".

Maana wengi hawaondoki. Mtu anakuja na hesabu ya miaka mitatu, anaongeza miwili amalizie nyumba, anaongeza mingine mtoto amalize shule, kufumba na kufumbua ana mvi na bado anasema yuko kwa muda. Ujerumani wamelipitia hili wazi kabisa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walipungukiwa wafanyakazi wakasaini mikataba ya kuleta watu kutoka nje, Italia mwaka 1955, Uturuki 1961, na nchi nyingine kadhaa. Wakaitwa wafanyakazi wageni. Serikali iliamini watarudi kwao, wao wenyewe pia waliamini watarudi, kwa hiyo hakuna aliyehangaika, wengi wakaishia na lugha ya kiwandani tu. Mwaka 1973 uajiri ukasimamishwa, wengi wakarudi kweli ila wengine wengi wakaona wakitoka hawataingia tena, wakabaki na kuleta familia. Kozi rasmi ya kitaifa ya kuwasaidia wageni kuingia kwenye jamii imekuja kuanza 2005, masaa 600 ya lugha na masaa 100 ya sheria, historia na maisha ya nchi, hicho ndicho kiwango cha kawaida. Toka 1961 mpaka 2005 ni miaka 44! Kuna watu walifika vijana wakastaafu kabla hata hiyo kozi haijaanza. Serikali ina lawama kubwa hapo na silifichi, ila nasi tujifunze kwamba "niko kwa muda" inaweza kula maisha mazima ya mtu.

Sasa kwenye watoto ndipo panaponiuma mimi. Mlioko nje hii mnaijua. Mama ana miaka mingi nchini, anaenda hospitali, anayemtafsiria ni mwanae wa miaka kumi. Daktari anaeleza kwamba kuna uvimbe kwenye titi, kitachukuliwa kipande kidogo kikapimwe, na asichelewe. Mtoto anamgeukia mama. Kuuzungumzia mwili wa mama yake namna hiyo hajawahi, anaona aibu, na hiyo habari yenyewe ameielewa nusu na ile nusu imemtisha. Anasema, "amesema urudi tena wiki ijayo". Mama anatabasamu anamshukuru daktari, wanaondoka. Mtoto analala na siri ambayo mtu mzima angeshindwa kulala nayo. Huyo mama sio mvivu jamani, pengine amepiga kazi kuliko mtu yeyote kwenye lile jengo, lakini kazi yake ni ya usafi usiku, hakuna wa kuongea naye, na kurudi ni kulala na kuongea na watu wa nyumbani kwenye simu. Uingereza kwa mfano hospitali za umma zinatoa mkalimani bila malipo ukiomba, ila kama huna mtu yeyote nje ya duara lako nani atakwambia uombe? Na ni hivyo hivyo kwa barua za shule, za kodi, za mwenye nyumba, mtoto ndiye anayezifungua, mtoto ndiye anayejua baba anadaiwa kabla baba hajajua. Halafu akifika miaka kumi na sita hasikii la mtu tunasema nchi za watu zimeharibu watoto.

Na hata tukiweka hayo pembeni tukaangalia hela peke yake bado hesabu haikubali. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha makala iliyokuja kuwa maarufu sana, alionyesha kwamba wengi wa waliopata kazi kupitia mtu hawakuipata kwa rafiki wa karibu, waliipata kwa mtu wa kufahamiana tu kwa mbali. Sababu yake inaeleweka, watu wako wa karibu wanajua kile kile unachokijua wewe. Kama kundi lenu zima linabeba boksi basi taarifa ya kazi itakayokufikia ni ya kubeba boksi, hata kama umekuja na cheti cha uuguzi kwenye begi. Anayejua kwamba hicho cheti kinaweza kutambuliwa, na kwamba unaanzia ofisi fulani, ni yule mama wa kwaya au yule jamaa mnayecheza naye mpira jioni.

Mafao ndio usiseme. Watu wanakatwa kwenye mshahara miaka na miaka hawajui wanakatwa nini. Uingereza, kwa mfumo ulioanza 2016, kwa kawaida unahitaji miaka 10 ya michango ili upate chochote kwenye pensheni ya serikali na 35 upate yote. Kuna mtu anaondoka na miaka tisa, hajui kwamba amebakiza mwaka mmoja tu! Chama cha wafanyakazi hataki kujiunga kwa sababu anaona ni mambo ya wenyeji, siku bosi anamuonea anabaki kulalamika kwenye grupu la WhatsApp ambalo bosi hayumo.

Hoja nyingine ninayoisikia sana ni kwamba ukijichanganya unapoteza asili yako, watoto watasahau walikotoka. Naiheshimu hii hofu kwa sababu inatoka kwenye upendo. Lakini mwanasaikolojia John Berry wa Kanada, ambaye amechunguza wahamiaji kwa miongo mingi, anasema njia sio mbili tu za kuwa wa huku au kuwa wa kule. Kuna anayeacha chake akachukua cha wenyeji, kuna anayejifungia na chake, kuna anayekosa vyote, na kuna anayeshika chake na kushiriki cha wenyeji kwa pamoja, na mara nyingi ni huyu wa mwisho ndiye anayeonekana kuwa na nafuu zaidi ya moyo na maisha. Nami naona inaingia akilini. Mtoto anayemuona mzazi wake anaheshimika kwenye kikao cha shule anaona fahari na lugha ya huyo mzazi. Mtoto anayemuona mzazi amejificha nyuma ya watu anajifunza kujificha, na cha kwanza kukificha ni hiyo hiyo asili.

Halafu kuna wanaosema wenyeji wenyewe hawatutaki. Hii sitaipuuza, ubaguzi upo, watafiti katika nchi nyingi wametuma maombi ya kazi yanayofanana kila kitu isipokuwa jina na wenye majina ya kigeni wakaitwa mara chache zaidi. Aliyeumizwa ana haki ya kujilinda. Lakini sio kila ukimya ni chuki. Norwe kuna kitu kinaitwa dugnad, wakazi wa jengo moja wanapanga siku, mara nyingi majira ya kuchipua, wote wanatoka nje kufagia uwanja na kukusanya majani. Tangazo linabandikwa kwenye ngazi. Mgeni analiona, halielewi, anapita. Siku yenyewe anasikia reki zinakwaruza chini, anachungulia dirishani, anaona majirani wote wako nje wanacheka, anajiambia hawakuniita. Wao huko chini wanajiambia huyu hataki kuwa nasi. Mwaka unaisha hakuna anayemsalimia mwenzake, na kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza hii karatasi inasema nini.

Siasa pia tunaziacha bure. Ireland mkazi yeyote aliyejiandikisha anapiga kura ya serikali za mitaa hata kama sio raia. Sweden asiye raia anapiga ya manispaa na mkoa, kwa wengi ni baada ya miaka mitatu ya kusajiliwa kama mkazi. Uingereza raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi pale kwa kibali wanapiga mpaka kura ya bunge, na nimeongea na watu wa muda mrefu kule hawalijui hilo kabisa. Basi la mtaani kwako likifutwa unaathirika kama wenyeji tu, kwa nini wao peke yao ndio waamue?

Sasa kuna watu ambao haya siwaambii, na nawaomba tusiwabebeshe lawama. Dada wa kazi za ndani aliyeko nchi za Ghuba chini ya kafala, yaani mfumo unaofunga kibali chako kwa mwajiri wako, analala kwa mwajiri, paspoti pengine imeshikwa, ruhusa ya kutoka mpaka apewe, huyo kumwambia "toka ukajichanganye" ni kumtonesha. Saudi Arabia ilipolegeza masharti ya kubadili mwajiri mwaka 2021 wafanyakazi wa majumbani waliachwa nje ya yale mageuzi. Asiye na makaratasi anaogopa kila mlango na ana sababu. Na mwenye deni la safari anapiga shifti mbili hana hata hayo masaa. Nawasemea walio na kibali, walio na angalau jioni moja kwa wiki, na bado wamejifungia.

Kwa hao sisemi vitu vya gharama. Tafuta kitu kimoja kinachorudia, watu wale wale, siku ile ile, kwa sababu mtu uliyemuona mara moja anabaki mgeni ila wa kila wiki atakuuliza mbona hukuja. Kwaya, timu ya mtaa, maktaba zenye meza za kuongea lugha. Kuna mbio zinaitwa parkrun, zilianza kwenye bustani ya Bushy Park London mwaka 2004 na sasa ziko nchi nyingi, kila Jumamosi asubuhi kilomita 5, bure, hata kutembea ruksa. Wiki za kwanza utasimama pembeni hujui uongee nini, hiyo ni kawaida, rudi tena.

Wanaopinga karibuni, hasa mnaosema mtu akipanga kurudi basi haina maana kuanza. Na wale wa shifti za usiku mliofanikiwa kupata marafiki nje ya jumuiya yenu, naomba mtaje nchi mliyopo na mlianzia wapi, kuna watu wanaosoma hapa kimya kimya wanaohitaji hilo jibu kuliko wanavyohitaji maoni yangu.