Vifaa vipya vya upasuaji vina madoa ya kahawia: ni kutu au ni maji?

BintiThieta
Salaam aleikum wenzangu. Tuna seti mbili mpya za upasuaji wa tumbo: makasi, koleo za kubania mishipa, vishikio vya sindano. Zimeingia otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) mara nne tu, nyuzi 134, na tayari zina madoa ya rangi ya chai, hasa kwenye maungio. Kila kifaa kimeandikwa kuwa ni chuma kisichoshika kutu. Huku kisiwani tunatumia maji ya kisima. Baada ya upasuaji tunaloweka kwenye Jik nusu saa, tunaosha, tunasuuza, tunafunga. Aliyetuuzia anasema kosa ni letu. Ni kweli? Na zenye madoa tuzitupe?

Fundi wa Otoklevu
Aleikum salaam dada. Usitupe kitu bado. Chukua kifutio cha penseli usugue doa. Likitoka na chuma chini yake ni laini, hilo ni doa la madini au sabuni tu. Ukiona kitundu kama kilichochomwa kwa ncha ya sindano, hiyo ni kutu, na imeshaanza kula. Kifaa hicho kiondoe kwenye seti: uchafu hujificha humo, na kama kitundu kiko kwenye ungio, hapo ndipo kitakapokatikia, pengine mkononi mwa daktari.

Chuma hiki kinalindwa na utando mwembamba mno wa kromiamu iliyoshika oksijeni. Kwenye kifaa kipya utando huo bado mchanga, ndiyo maana vipya huumia kabla ya vikuukuu. Kinachoutoboa ni kloraidi, kemikali iliyomo kwenye chumvi, nanyi mnaileta kwa njia tatu: maji ya kisima yenye chumvi, Jik, na damu yenyewe. Ikizidi takriban miligramu 120 kwa lita, hatari ya vitundu hupanda, na joto huiongeza. Pelekeni maji yapimwe maabara. Tena fungua otoklevu utazame kuta za ndani: zikiwa na magamba meupe au michirizi ya kahawia, basi hata mvuke wenu unabeba uchafu.

Stoo ya Vifaa
Naongezea kwenye kuosha, maana hapo ndipo pengi huharibika. Hiyo Jik iacheni kabisa. Wengi tulifundishwa klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2016 hautaki vifaa vilowekwe kwenye dawa kabla ya kuoshwa. Inakula chuma, damu inaipunguzia nguvu, na mwoshaji anajiona salama kumbe siyo. Kinga yake ni glavu nene, aproni na miwani.

Pale pale mezani futa damu kwa kitambaa chenye maji safi, kamwe si maji ya dripu ya chumvi. Fungua kila ungio. Loweka kwenye sabuni ya vimeng'enya (enzaimu zinazomeng'enya damu) kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, maji ya uvuguvugu. Yakiwa moto sana damu huganda na kung'ang'ania. Sugua kwa brashi ya nailoni chini ya maji yasirukeruke. Steelwool usiiguse. Msuuzo wa mwisho uwe wa maji yaliyoondolewa madini, kisha kausha vizuri. Kifaa kipya nacho kioshwe hivi hivi kabla hakijaingia otoklevu mara ya kwanza.

BintiThieta
Shukran sana. Maungio yakikaza tunatia mafuta ya cherehani, ni sawa?

Fundi wa Otoklevu
La, dada. Mvuke haupiti kwenye mafuta hayo, kwa hivyo vijidudu vilivyo chini yake hupona. Tumieni mafuta ya vifaa yanayoyeyuka kwenye maji, tone moja kila ungio baada ya kukausha. Na koleo zilizopakwa kromu juu zisichanganywe na hizi: kromu ikibanduka, kutu yake huhamia kwa jirani.