Eti "maji ya chumvi mmeyazoea"! Watu wa Kisauni, Mombasa, ingieni humu

MwanaKisauni:
Nyote mwamjua, jina silitaji. Yule mwanasiasa ambaye kofia ya viua huivaa mwaka wa kura tu. Jana mkutano ulitangazwa saa tisa, yeye kaja jua linazama, dakika chache kabla ya saa kumi na mbili ambapo kampeni lazima zikome. Msafara umeziba njia hata mbuzi hana pa kupita. Mama mmoja akamuuliza kwa adabu: mheshimiwa, mifereji ya maji uliyotuahidi iko wapi? Akacheka! Akashika kipaza sauti: "Nyinyi watu wa huku maji ya chumvi mmeyazoea." Kisha, wallahi, akafungua chupa ya maji ya dukani akanawa mikono. Maji ya chupa! Mbele ya akina mama wenye mitungi mitupu!

Mmeyazoea nini? Maji ya visima vya huku sabuni nzima yaisha povu halijatoka. Maharagwe yawekwa jikoni adhuhuri, isha bado magumu. Chai ukiitia maziwa yakatika. Birika lina ukoko mweupe wa kukwangua kwa kisu. Maji baridi, yasiyo na chumvi, ni ya mkokoteni: mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20, mji ukikauka 50. Nyumba ikitumia mitungi 4 kwa siku ni 2,400 kwa mwezi, bei ikipanda ni 6,000, na hapo hujafua nguo. Mtu azoea kulipa 6,000?

Na lile tangi jeusi lenye sura yake! Boza lilikuja kulijaza alfajiri, lita 10,000, likakauka kabla hajamaliza kuhutubu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema maji safi, salama na ya kutosha ni haki ya kila mtu. Aliapa kuilinda, kainua mkono juu. Mkono ule ule alionawa kwa chupa! Serikali hii kuanzia juu hadi chini sina hamu nayo tena.

FundiPampu:
Kaka, una haki ya kukasirika, ila hata wangechimba kisima pale tangini kingekufa. Chini ya Kisauni ni mwamba wa matumbawe, matundu matupu. Maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari, tabaka jembamba tu. Uso wa maji hayo baridi ukishuka mita 1 kwa kuvutwa na pampu, chumvi yapanda kama mita 40 kutoka chini. Mkandarasi wa kampeni anatia pampu kubwa ili maji yaruke mbele ya kamera, jaribio la kuvuta maji saa 24 halifanyi. Baada ya muda ni bahari inayotoka. Yafaa pampu ndogo ivute polepole, kisima kisizamishwe sana, na kiwe mbali na vyoo vya shimo, maana matumbawe hayachuji uchafu. Klorini itaua vijidudu, chumvi haiitoi. Halafu mita ya stima ya pampu ni ya nani? Tokeni zikiisha kila mtu anamtazama mwenzake.

Wa_Tudor:
MwanaKisauni, uzi wako wa uchaguzi uliopita bado uko humu. Ulimwita mkombozi wetu, ukatutukana sote tuliompinga. Lia taratibu, majirani wamelala.

MwanaKisauni:
Hayo hayahusiani! Nazungumzia chupa! ALINAWA MIKONO!

KaraniWaWadi:
Huduma ya maji ni kazi ya kaunti, Jedwali la Nne la Katiba. Maji ya mji hutoka mbali: bomba la chemchemi za Mzima lashuka lenyewe kutoka Tsavo, lakini maji ya visima vya Baricho yasukumwa kwa pampu, deni la stima likizidi mji mzima wakauka. Kumuuliza mkutanoni ni kupoteza sauti. Makadirio ya bajeti sharti yafike bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Yaombe, tafuta wadi yako, jina la mradi na kiasi kilichotengwa. Mradi usiokuwa humo hauna pesa, hata upakwe rangi gani.

Mama Leso:
Afadhali nyinyi mmetukanwa tu. Sisi tumepewa leso yenye sura yake, kipande kimoja! Doti ni vipande viwili, kila mtu ajua. Eti cha pili baada ya kura. Tena si pamba, ni nailoni, jasho haifyonzi, na ukiifua mara moja uso wake wahamia kwenye shuka.

LikoniDamu:
Kisauni mna daraja, nyamazeni. Sisi feri moja ikiharibika, foleni yafika sokoni. Mwenye gari ataambiwa azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, haya, na mwenye mkokoteni wa ndizi? Daraja la kweli twaahidiwa kila kampeni. Mlango wa feri ukikwama hata hotuba haiusogezi.

Changamwe Juu:
Likoni mna upepo. Njooni mvute vumbi la malori ya bandari huku, mwanike nguo nyeupe zitoke kijivu.

LikoniDamu:
Vumbi halijamzamisha mtu. Feri iliyozama Mtongwe 1994 mmesahau?

MwanaKisauni:
Jamani, chupa! Mmeisoma kweli post yangu?

Wa_Tudor:
Tumeisoma. Mama Leso, hiyo rangi ukiiloweka kwa siki haishiki?

Mama Leso:
Haishiki, mwanangu. Imepigwa juu ya nailoni, haikuingia ndani. Fua peke yake kwa maji ya baridi, usiikamue, ianike kivulini. Ikichuja bado, mimi yangu nimeshaifanya tambara la jikoni.

LikoniDamu:
Mimi nina kile kipande cha pili, sijui walinipa kwa nini. Nani anataka tubadilishane, kikutane na chake?