Ushauri: nataka kutengeneza mfumo mdogo wa hesabu za korosho na kuuhosti mwenyewe nyumbani, nianzie wapi?

Kijana wa Chikongola

Habari za muda huu wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nipo Mtwara mjini, riziki yangu ni stationery: kuchapa, kutoa kopi, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Python nimejifunza mwenyewe usiku baada ya kufunga ofisi, na somo la Flask (zana ya kutengenezea tovuti kwa Python) nimelifuata hadi mwisho. Kinachonikera ni kwamba masomo yote yanaishia kwenye ile programu ya orodha ya kazi za kufanya. Ukimaliza unafunga laptopu na hakuna binadamu anayeitumia. Nataka kitu chenye mtumiaji wa kweli, hata awe mmoja.

Mtumiaji ninaye. Mjomba wangu yuko Newala, ana mikorosho. Msimu ukianza anapeleka mzigo chama cha msingi kidogo kidogo, kadiri anavyookota. Kila akipimiwa anapewa karatasi. Mzigo unakwenda ghala kuu, unaingia mnadani, na bei ya mnada huu siyo ya mnada ujao. Hela inaingia benki baadaye ikiwa imeshakatwa makato, na hapo ndipo mvutano unapoanza: hii ni ya mzigo upi? Karatasi anazitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, nyingine zimefifia wino hazisomeki. Mwisho wa msimu simu inaita: "Mpwa, njoo tupige hesabu."

Vifaa: laptopu ya zamani, RAM 4GB, kioo kimepasuka pembeni, betri bado inashika kidogo. Intaneti ni rauta ya laini ya simu, ya bando la mwezi.

Naombeni mnisaidie. Niendelee na Flask au nianze upya na React, Docker na mengine yanayosifiwa YouTube? Databesi ipi? Hii laptopu inaweza kuwa seva kweli, na binamu yangu akaufungua mfumo kutoka Newala? Ukiwa vizuri nina ndoto ya kuwapelekea AMCOS nzima, yaani hicho chama cha msingi chenyewe.

Ngoja Waje

Excel inatosha mkuu. Ila nimekaa hapa nasubiri wajuvi.

Kijana wa Chikongola

Kwa hesabu peke yake inatosha, sibishi. Lakini Excel haitanifundisha kuendesha seva.

Fundi Seva

Salama mkuu. Wazo lako ni zuri kuliko nusu ya mawazo yanayoletwa humu, kwa sababu kuna mtu atakayekupigia simu siku mfumo ukigoma.

Kaa na Flask. Docker itakuja yenyewe siku ukiwa na programu tatu zinazogombana kwenye mashine moja. React usiiguse sasa hivi, kurasa zako ni fomu na majedwali, HTML ya kawaida inayotengenezwa na seva inafunguka haraka hata kwenye mtandao wa kusuasua. Databesi weka SQLite. Ni faili moja, haihitaji huduma ya pembeni, na kwa familia moja hutaimaliza nguvu.

Laptopu inafaa sana, na ile betri chovu ndiyo mali yenyewe. Mtwara na Lindi kwa miaka mingi tumekuwa nje ya gridi ya Taifa tukitumia umeme wa gesi ya Mnazi Bay, na wenyeji tunajua umeme ukikatika haupigi hodi. Wenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu) inayosoma kadi ya kumbukumbu, umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi inaweza kuharibika na mfumo usiwake tena. Betri yako ikishika hata dakika 20, mashine ina muda wa kujizima kwa heshima. Futa Windows, weka Debian (aina ya Linux) bila mazingira ya picha, RAM ya 4GB itabaki inacheza. Kisha fungua faili la /etc/systemd/logind.conf uandike HandleLidSwitch=ignore, vinginevyo ukifunga kifuniko seva inalala. Na usiiweke dirishani, hasa kama unakaa upande wa Shangani. Upepo wa chumvi unakula matundu ya USB.

Sasa suala la Newala. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya rauta, tafuta anwani ya IP iliyopewa na mtandao wa simu. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, basi uko nyuma ya anwani inayogawanywa kwa wateja wengi, na hakuna ufundi wa kufungua mlango kwenye rauta utakaomfikisha mtu wa nje kwako. Ikianzia na 10 hali ni ileile. Laini nyingi za simu ziko hivyo, kwa hiyo usipoteze usiku mzima na zile video za "port forwarding". Njia ni mbili. Ya kwanza Tailscale: unaiweka kwenye laptopu na kwenye simu ya binamu, vifaa vinaonana kana kwamba viko nyumba moja, na matumizi binafsi ni bure. Ya pili Cloudflare Tunnel: kiprogramu kwenye laptopu kinatoka chenyewe kwenda kwa Cloudflare na kushikilia njia wazi, wageni wanapitia huko. Hii inataka uwe na domeni (jina la tovuti), na ujue kwamba data yako inafunguliwa kwao kabla ya kufika kwako. Kwa watu wawili watatu mimi ningechagua Tailscale na kulala usingizi.

Mnachingwea Halisi

Mnamtesa kijana. Lipia VPS (seva ya kukodi mtandaoni) ya dola 5 kwa mwezi, upate IP ya umma, umeme wa uhakika, umalize. Mambo ya seva chini ya kitanda ni ya wazungu wenye faiba.

Fundi Seva

Mnachingwea, kwa biashara nakuunga mkono. Huyu anataka kujifunza. Kwenye VPS hatakutana na diski inayojaa, rauta inayobadilisha anwani wala umeme kukatika. Na bando likiisha, akiwa nyumbani mfumo wake bado unafunguka kwa Wi-Fi. Mei 2024 kebo za baharini zilipokatika na intaneti ikawa taabu nchi nzima, vilivyokuwa ndani ya nyumba vilifanya kazi kama kawaida.

Bi Takwimu

Wadogo zangu, mnagombania seva wakati mtihani wa mfumo huu uko kwenye majedwali. Kijana, soma hapa taratibu.

Kosa ambalo kila anayeanza angelifanya ni kuwa na jedwali moja: tarehe, kilo, bei, jumla. Litakufa wiki ya pili ya minada. Siku mjomba anapima mzigo, bei haijulikani. Huwezi kuijaza, na ukiweka sifuri hesabu zote zinapotoka. Halafu mzigo wa siku moja unaweza kuwa na daraja la kwanza na la pili, kila daraja na bei yake. Na malipo yakija, kiasi kimoja cha benki kinaweza kuwa kimebeba mizigo miwili.

Kwa hiyo tenganisha matukio kama yanavyotokea. Jedwali la *mzigo*: tarehe ya kupima, chama, namba ya karatasi, daraja, uzito. Jedwali la *mnada*: tarehe, daraja, bei ya kilo. Mzigo unakuwa na safu ya mnada inayoruhusiwa kubaki tupu hadi uuzwe. Jedwali la *malipo*: tarehe, kiasi kilichoingia benki. Kisha jedwali la katikati linalosema malipo haya yamefunika mizigo ipi. Makato nayo yawe na jedwali lake, yakiandikwa kwa msimu, maana viwango vya ushuru, usafirishaji na ghala havikai vilevile miaka yote. Ukivizika ndani ya msimbo, msimu ujao utakuja kubadilisha namba na hesabu za msimu uliopita zitabadilika nazo.

Tuseme mzee kapima kilo 412 za daraja la kwanza, zimeuzwa mnada wa pili. Siku nyingine kapima 268, zimeingia mnada wa tatu. Swali lake kwako litakuwa moja tu: "Nadai nini?" Jibu ni mizigo yenye mnada ambayo haijaunganishwa na malipo yoyote. Ukipanga majedwali hivi, hiyo ni sentensi moja ya SQL, lugha ya kuuliza databesi. Ukiyapanga kama daftari, utaandika Python hadi alfajiri.

Vitu viwili vidogo vyenye madhara makubwa. Fedha hifadhi kwa namba kamili, shilingi nzima, na uzito kwa gramu. Mwambie Python ajumlishe 0.1 na 0.2 uone atakachokujibu: 0.30000000000000004. Mkulima hatakuelewa. Na SQLite haina aina maalumu ya tarehe, kwa hiyo andika mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-10-17, zitajipanga zenyewe kwa mfuatano. Usiandike 17/10/2025.

Namba ya karatasi usiifanye kitambulisho kikuu cha jedwali. Vyama viwili vinaweza kutoa namba moja.

Kijana wa Chikongola

Bi Takwimu, Mungu akuzidishie. Hilo la mzigo usio na bei nilikuwa sijaliwaza kabisa, kwenye karatasi yangu nilishachora jedwali moja refu.

Fundi, Debian imekaa, kifuniko nafunga na haizimi. Flask inawaka kwenye laptopu yenyewe, ila nikifungua kwa simu, Wi-Fi ileile, inasema haiwezi kufikia tovuti. Ping (jaribio la kuona kama mashine inapatikana) inajibu vizuri.

Fundi Seva

Flask kwa kawaida inasikiliza 127.0.0.1, maana yake inajibu mashine yenyewe tu. Washa kwa flask run --host=0.0.0.0, halafu kwenye simu andika IP ya laptopu na :5000 mwishoni. Kwenye rauta iwekee laptopu anwani ya kudumu, la sivyo ikiwaka upya itapewa nyingine na utadhani mfumo umekufa.

Lakini hiyo ni ya majaribio ndani ya nyumba. Kabla binamu hajaingia, zima hali ya debug (ya kusaka makosa). Ikibaki wazi, ule ukurasa wa makosa unaweza kumpa mtu nafasi ya kuendesha Python kwenye mashine yako. Tumia Gunicorn kuendesha programu yako, mbele yake Caddy au Nginx ya kupokea wageni, na uandike faili la systemd ili mfumo ujiwashe wenyewe umeme ukirudi saa nane usiku. SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa kwenye mashine nyingine) ingia kwa ufunguo, zima kuingia kwa nywila.

Bekapu: usinakili faili la SQLite kwa cp, amri ya kawaida ya kunakili, wakati mfumo unaandika, unaweza kupata nakala mbovu bila kujua. Tumia sqlite3 korosho.db ".backup nakala.db", cron (ratiba ya kazi za kujiendesha) ifanye kila usiku, na nakala itoke nje ya nyumba hiyo. Kisha chukua hiyo nakala uifungue kwenye kompyuta ya ofisini uone kama namba zimo. Kama hujawahi kuirudisha, usihesabu kwamba una bekapu.

Mtu wa Ligula

Niguse lile la AMCOS nzima, naona wote mmelipita.

Usifanye hivyo kwa sasa. Daftari la mjomba ni lenu. Majina ya wakulima, namba za simu, akaunti za benki na kilo zao ni taarifa za watu wengine, na nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili huko na kuwajibika zikivuja. Laptopu yenye kioo kilichopasuka haibebi mzigo huo.

Kingine, wewe ni mtoto wa huku, unajua. Orodha ya nani kavuna kilo ngapi na analipwa lini ni dhahabu kwa watu wa kangomba, wanaonunua korosho kwa njia haramu nje ya mnada. Ndiyo watakaojua nani ana shida ya hela kabla ya mnada.

Mnachingwea Halisi

Hapo kwa Mtu wa Ligula nasimama upande wake. VPS au nyumbani, data za watu ziache.

Binti wa Mikindani

Samahani naingia kwa kuchelewa. Mjomba mwenyewe ana simu gani? Maana naona Tailscale na kurasa, wakati wazee wetu wengi wana kitochi.

Kijana wa Chikongola

Kitochi, tena cha tochi mbele. Binamu ndiye mwenye simu janja. Nilifikiria USSD, zile menyu za kubonyeza nyota na reli.

Binti wa Mikindani

USSD achana nayo kwa sasa. Namba ya USSD inapatikana kupitia kampuni za simu au mawakala wao, ina gharama na makaratasi. Ukitaka kuonja jinsi inavyofanya kazi, Africa's Talking wana uwanja wa majaribio wa bure, unacheza na simu ya kuigiza kwenye kivinjari.

Kwa mjomba fanya rahisi: binamu anaingiza, mfumo unatengeneza ujumbe mfupi wa muhtasari, binamu anautuma kwa SMS ya kawaida. "Mizigo 5, imelipwa 3, unadai 2." Afadhali mzee asome mstari huo kuliko umuonyeshe grafu za rangi. Na fomu ya kuingiza iwe ndefu kwenda chini, vitufe vikubwa, binamu atakuwa amesimama kwenye foleni ya mizani, mkono mmoja umeshika gunia.

Kijana wa Chikongola

Nimeelewa. AMCOS naiweka kando, majedwali nayachora upya leo. Simu imefungua ukurasa, 0.0.0.0 imekubali. Swali dogo la mwisho: mimi na binamu tukihifadhi kwa wakati mmoja, SQLite haitagoma?

Bi Takwimu

Haitagoma. Mwandishi anakuwa mmoja kwa wakati, wa pili anasubiri kidogo tu. Washa PRAGMA journal_mode=WAL mara moja, itabaki kwenye faili, na wasomaji hawatazuiwa na anayeandika. Kwenye muunganisho weka timeout (muda wa kusubiri) ya sekunde 5. Ukishachora majedwali yapige picha uyabandike hapa kabla hujaandika msimbo, nitayapitia.